Mfumo endeshi upi ni rahisi kuutumia na kuutunza dukani: Windows 11, Linux Mint au Mac?

Mama Uchapaji (Tanga)

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninaendesha duka la uchapaji, kutoa kopi na kuskani nyaraka hapa Ngamiani, Tanga, na ninaomba ushauri kuhusu mfumo endeshi ambao tutaweza kukaa nao kwa miaka kadhaa bila kumwita fundi kila mara. Dukani kuna kompyuta tano: Dell OptiPlex 3020 mbili za mezani zinazotumika mbele kupokelea kazi za wateja, HP EliteBook 840 G3 mbili ambazo vijana huchapia barua, wasifu na maombi ya kazi, na Lenovo ThinkPad T480 moja tunayotumia kubuni kadi za harusi na mabango. Zote zilinunuliwa zikiwa za mtumba, na zote zina Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza ananiambia niziuze zote ninunue zenye Windows 11; wa pili ananiambia niweke Linux, kwa kuwa ni ya bure na haisumbuliwi na virusi; wa tatu, ambaye ni mbunifu wa picha, anashikilia kwamba nikinunua Mac sitahangaika tena. Kila mmoja anasifu kilicho chake kwa uzuri na kwa kasi, lakini hakuna aliyenieleza habari za utunzaji: masasisho yanakula bando kiasi gani, umeme ukikatika katikati ya sasisho inakuwaje, flashi ya mteja yenye virusi ikichomekwa inafanya nini, na miaka mitano ijayo nitakuwa wapi. Sina mtaalamu wa kudumu. Nina vijana watatu wanaoijua Word vizuri, na intaneti yetu ni ya bando la simu tunalonunua kwa wiki. Printa ni Epson za matangi ya wino, pamoja na moja ya leza ya zamani. Ningependa kuwasikia watu wanaotunza mashine kila siku, hata kama majibu yao hayatakubaliana.

Fundi wa Kariakoo (Dar es Salaam)

Shikamoo mama. Kazi yangu ni kutengeneza na kuuza kompyuta za mtumba, kwa hiyo nianze na jambo ambalo mnunuzi huambiwa mwisho wakati lilipaswa kuwa la kwanza: sehemu kubwa ya uamuzi wako imeshafanywa na prosesa zilizomo ndani ya mashine zako. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (kinga inayokagua mfumo wakati kompyuta inawaka), RAM isiyopungua gigabaiti 4, diski isiyopungua gigabaiti 64, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa Intel orodha hiyo, ukiacha chache, huanzia kizazi cha nane, na kwa AMD huanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. OptiPlex 3020 ni za kizazi cha nne na EliteBook 840 G3 ni za kizazi cha sita, kwa hiyo hizo nne ziko nje. T480 nyingi ni za kizazi cha nane, ila zipo zilizotoka kiwandani zikiwa na kizazi cha saba, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha usome mstari wa prosesa: tarakimu ya kwanza baada ya i5 na kistari ndiyo kizazi chenyewe, hivyo i5-8350U ni ya nane na i5-7300U ni ya saba. Ukimaliza hapo andika tpm.msc uone kama chipu ipo, imewashwa na ni toleo la 2.0.

Utakutana na fundi atakayekuambia kwamba anaweza kuipitisha Windows 11 kwenye mashine yoyote. Ni kweli inawezekana kukwepa ukaguzi wakati wa kusakinisha, na kwa miezi kadhaa utaona kila kitu kinakwenda. Tatizo ni kwamba Microsoft imesema wazi kuwa mashine zisizotimiza masharti hazina uhakika wa kupata masasisho, na kila toleo kubwa likitoka utalazimika kurudia ujanja uleule kwa mkono. Kwa mtu asiye na fundi wa kudumu, huo ni mzigo wa kila mwaka uliofichwa ndani ya huduma inayoonekana ya bei nafuu.

Kubaki na Windows 10 nako kuna mipaka yake. Kwa watumiaji wa nyumbani uliwekwa mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja unaoishia tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukikubali kulandanisha mipangilio ya kompyuta na akaunti ya Microsoft. Kwa biashara mpango ni mwingine, nao unaanzia dola 61 kwa kila kompyuta katika mwaka wa kwanza na kuongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Zidisha kwa kompyuta nne uone kama fedha hizo hazingekusogeza mbele zaidi zikitumika kununua mashine. Wala usiseme kwamba duka lako ni dogo mno kulengwa na wahalifu. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilienea duniani kupitia upenyo ambao Microsoft ilikuwa imeuziba mwezi Machi mwaka huohuo. Iliingia yenyewe kwenye mtandao wa ndani, bila mtu kubofya chochote, na kufunga mafaili ya wale ambao hawakusasisha. Haikuchagua mkubwa wala mdogo.

Sasa bando, kwa kuwa umeliuliza vizuri. Windows hutoa masasisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi. Mara nyingi ni mamia ya megabaiti kwa kila mashine, na toleo jipya la mwaka huweza kufika gigabaiti kadhaa. Fanya mambo mawili. Kwanza, katika mipangilio ya Wi-Fi itambulishe intaneti yenu kuwa ni ya kulipia kwa kipimo; sehemu kubwa ya upakuaji itasubiri hadi uruhusu. Pili, katika sehemu ya Windows Update kuna kipengele kiitwacho Delivery Optimization ambacho huziwezesha kompyuta kugawana sasisho lililokwisha kupakuliwa, kwa hiyo moja ikilipata nyingine huchukua kwake badala ya kurudi kwenye intaneti. Hakikisha umechagua kompyuta za mtandao wako wa ndani peke yake. Ukiacha ile chaguo ya kompyuta za kwenye intaneti, bando lako litatumika kuwapelekea masasisho watu usiowajua.

Jambo la mwisho upande wangu: kama mojawapo ya mashine zako ina Windows ya kukreki, iondoe kabla ya kufikiria kitu kingine chochote. Programu nyingi za kuiamsha Windows kinyemela hukutaka uzime kwanza kinga ya Defender ndipo zifanye kazi, na ukishaizima hujui tena ni nini kilichoingia. Duka linaloskani vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya watu lina dhamana kubwa kuliko kompyuta ya kuangalizia sinema.

Ushauri wangu: T480 iwekwe Windows 11 kama ni ya kizazi cha nane; zile nne zibadilishwe polepole kwa mashine kama EliteBook 840 G5 au Latitude 7490, ambazo zinapatikana kwa wingi sokoni na, zikiwa za kizazi cha nane, zinakubalika.

Mwalimu wa Tehama (Mwanza)

Shikamoo mama. Nakubaliana na ndugu fundi kuhusu prosesa, lakini siungi mkono kuzitupa mashine nne ambazo bado zina nguvu za kutosha kuchapa barua. Ninatunza maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari, yenye mashine za umri huohuo, na zote zinatumia Linux Mint. Toleo la 22 lilitoka Julai 2024, limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 (aina nyingine ya Linux), na litapewa masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Linadai RAM ya gigabaiti 2 kwa uchache, ingawa 4 ndiyo zinazopendekezwa, na kwa OptiPlex zako ningechagua toleo lenye eneo-kazi (mwonekano wa madirisha na menyu) la Xfce ambalo ni jepesi zaidi. Kama bado zina diski za kuzunguka, weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya inchi 2.5 kabla ya kubadili mfumo wowote. Mara nyingi malalamiko ya "kompyuta imechoka" ni diski iliyochoka.

Nieleze habari ya flashi kwa undani, maana ndipo duka lako linapopata faida kubwa. Virusi vinavyosumbua maduka ya uchapaji hufanya hivi: vikiingia kwenye flashi, huyachukua mafolda ya mteja na kuyaficha, wakati mwingine yote hutiwa ndani ya folda moja isiyo na jina, kisha huweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Mteja anafungua flashi, anaona "Barua ya kazi" kama kawaida, anabofya, na kwa kubofya huko anaviendesha virusi vyenyewe. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Katika Linux Mint ile njia ya mkato haiendeshi kitu, na lile folda lililofichwa kwenye flashi ya FAT32 (muundo wa kawaida wa kufomati flashi) huonekana wazi, kwa sababu alama ya Windows ya kuficha haizingatiwi hapo. Kijana wako anaingia, anachukua faili la mteja, analichapisha, na mashine inabaki salama. Lakini yule aliyekuambia kwamba Linux haisumbuliwi na virusi amekwenda mbali mno. Programu hasidi za Linux zipo, na faili lenye kirusi cha Windows linaweza kupita kwenye mashine yako likaenda kumdhuru mteja mwingine kupitia flashi yake. Kwa hiyo msinakili flashi nzima ya mteja. Chukueni faili linalohitajika tu.

Kuhusu masasisho, tofauti kubwa utakayoiona ni kwamba kuna dirisha moja, yaani Meneja wa Masasisho, linalohudumia mfumo, kivinjari, LibreOffice na programu nyingine ulizochukua katika hazina ya Mint, zote kwa pamoja. Katika Windows programu nyingi zilizopakuliwa huku na kule hujisasisha zenyewe, kila moja kwa wakati wake, na hapo ndipo bando linapoisha bila kujua limekwenda wapi. Mint haitawasha upya kompyuta mteja akiwa amesimama dirishani. Itaonyesha alama na kusubiri. Subira hiyo ina hatari yake: kama hakuna mtu aliyepewa jukumu la kuitazama ile alama kila wiki, mashine itakaa mwaka mzima bila sasisho. Washa masasisho ya moja kwa moja, au mpe kijana mmoja kazi hiyo kwa jina. Kwa bando, weka programu iitwayo apt-cacher-ng kwenye mashine moja. Itahifadhi kila kifurushi kilichopakuliwa, na nyingine zitachukua hapo. Mimi mashine zote za maabara hula kutoka chungu kimoja, na tofauti ya bando inaonekana mwezi wa kwanza.

Umeme ukikatika katikati ya sasisho, Windows kwa kawaida hurudisha hali ya awali inapowaka, ingawa huchukua muda mrefu. Mint huweza kuwaka ikiwa na vifurushi vilivyoishia njiani. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike sudo dpkg --configure -a, nayo itamalizia ilipoachia. Bandika amri hiyo ukutani. Na kabla ya yote washa Timeshift, ambayo huja na Mint: hupiga picha ya hali ya mfumo ili sasisho likiharibu kitu urudi nyuma. Ila jueni kwamba kwa mipangilio yake ya kawaida Timeshift haihifadhi nyaraka zenu. Hizo zinahitaji diski ya nje.

Mbunifu wa Pwani (Mombasa)

Mimi natumia Mac kwa kazi ya ubunifu, naipenda, na hata hivyo sitakushauri ununue kwa ajili ya duka. Kwa upande wa utunzaji Mac ni tulivu kweli. Mfumo na mashine vinatoka kwa kampuni moja, mambo ya draiva (programu za kuendesha vifaa kama printa) karibu hayapo, matoleo mapya hayalipiwi tangu mwaka 2013, na Time Machine hutunza nakala za kila kitu, nyaraka zikiwemo, ukishaunganisha diski ya nje. Kwa mtu mmoja mwenye mashine moja, sijaona kinachoizidi.

Shida iko sokoni. Mac nyingi za mtumba zenye bei ya kuvutia ni za Intel, na Apple imeshatangaza kwamba macOS 26, toleo la mfumo wa Mac lililotoka Septemba 2025, ndiyo ya mwisho kwa prosesa hizo. Hata hiyo yenyewe inakubali modeli chache tu za Intel, za 2019 na 2020, na MacBook Air ya Intel haimo. Ukinunua, anzia zenye M1, prosesa ya Apple yenyewe ya Novemba 2020, kwenda mbele. RAM na diski za mashine hizo zimebandikwa kwenye bodi, kwa hiyo utakachonunua siku ya kwanza ndicho utakachoishi nacho. Kwa wateja wa flashi kuna kero nyingine: flashi iliyofomatiwa kwa NTFS, muundo wa Windows, Mac huisoma lakini haiiandiki bila programu ya ziada. Ukiwa na flashi zako mwenyewe za kuhamishia kazi, zifomati kwa exFAT, inayosomeka na kuandikika kwenye mifumo yote mitatu.

Mama Uchapaji (Tanga)

Marahaba wanangu, na asanteni nyote. Nimetazama: T480 ni i5-8250U, na chipu ipo. Kwa hiyo hiyo itakwenda Windows 11, hilo nimelikubali. Kuhusu zile nne ninavutwa na Mint, lakini nina hofu tatu. Ya kwanza ni mafaili ya Word: mteja akileta wasifu wake, ukurasa ukasogea, atasema tumemharibia kazi. Ya pili ni Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi, maana kadi zetu nyingi za mchango na harusi ziko humo. Ya tatu ni vijana. Je, haitakuwa shida kwao kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ndani ya duka moja?

Mwalimu wa Tehama (Mwanza)

Mama, hofu ya kwanza ni ya haki na ina jibu la kiasi. Ukurasa husogea hasa kwa sababu ya fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, kwa hiyo LibreOffice isipozikuta huweka nyingine mahali pake. Sakinisha Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule wa Calibri na Cambria; mistari itakatika palepale ilipokatika mwanzo. Liberation Serif hufanya kazi hiyo kwa Times New Roman. Barua ya maombi na wasifu wa kawaida utatoka sawasawa. Kazi yenye visanduku vya maandishi vilivyopangwa juu ya picha, au michoro ya SmartArt, inaweza kuharibika, na hiyo ipelekeni kwenye T480. Pia wazoezeni wateja kuleta PDF pale wanapotaka kuchapishiwa tu bila marekebisho, maana PDF hukaa ilivyo popote.

Kuhusu Publisher, hata ungebaki Windows ungelazimika kuhama. Microsoft imetangaza kuisitisha Oktoba 2026. Anzeni sasa kutoa kadi zote muhimu kwa PDF, na miundo mnayoirudia mara kwa mara mwijenge upya kwingine; Inkscape na Scribus ni za bure na zipo kwenye Windows na Linux, na Canva huendeshwa ndani ya kivinjari.

Kuhusu vijana, hapa nasema kwa uzito: afadhali mashine zote nne ziwe sawasawa kabisa, toleo moja, eneo-kazi moja, ikoni mahali pamoja. Kinachowachosha wafanyakazi ni kukuta kila mashine ina utaratibu wake. Zikifanana, wiki chache zinatosha.

Fundi wa Kariakoo (Dar es Salaam)

Nimeusoma ushauri wa mwalimu na kwa zile OptiPlex za mbele ninaukubali. Hoja ya flashi ni nzito, na mimi mwenyewe nimeshasafisha mashine nyingi mno zilizoathirika kwa njia hiyo. Kwa EliteBook bado nina shaka. Shule ina mwalimu wa tehama, duka halina. Siku printa itakapokataa, kijana atatoka kumwita fundi wa jirani, na fundi huyo kwa kawaida anaijua Windows peke yake. Urahisi wa kutunza ni pamoja na nani anayepatikana mtaani kwako saa nne asubuhi wakati foleni imefika mlangoni.

Tena kuna jambo la Epson. Kuchapisha kutoka Linux hakuna taabu, draiva zipo na nyingi huja na mfumo. Lakini programu za matengenezo, kama zile za kurudisha kaunta ya wino taka printa inapofika kikomo na kugoma, zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Kwa hiyo T480 isibadilishwe kamwe, na iwe na kebo ya USB inayofika kwenye kila printa. Ile leza ya zamani ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: zipo za leza zinazotegemea lugha ya mtengenezaji peke yake, na draiva zake za Linux ama hazipo ama zimeachwa zamani.

Mhasibu wa Nakuru

Nichangie kidogo kutoka Kenya. Kabla ya kuamua, andika orodha ya programu ambazo biashara haiwezi kwenda bila hizo, kisha uulize kila moja inaendeshwa wapi. Sisi ofisini tunatumia Tally, programu ya uhasibu ambayo ni ya Windows, na hilo pekee lilimaliza mjadala kwa mashine mbili. Kwa upande mwingine, fomu za marejesho ya ushuru za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, zimekuwa zikitolewa kwa Excel na pia kwa muundo wa ODS unaotumiwa na LibreOffice, kwa hiyo mwenye LibreOffice hakuachwa nje. Huenda ukagundua kwamba vijana wako hawahitaji zaidi ya kivinjari, printa na programu ya kuandikia.

Mama Uchapaji (Tanga)

Nimeiandika hiyo orodha. EliteBook zinahitaji Word au inayofanana nayo, kivinjari kwa ajili ya maombi ya ajira na ya mikopo ya wanafunzi, skana na printa. Hakuna zaidi. Fundi, nimekuelewa kuhusu mtu wa kuitwa. Nitaanza na OptiPlex mbili za mbele, na EliteBook zitasubiri hadi nione vijana wamezoea. Nianzie wapi bila kufunga duka?

Mwalimu wa Tehama (Mwanza)

Pakua faili la Mint mara moja tu, mahali penye Wi-Fi nzuri, kwa kuwa ni karibu gigabaiti 3. Liandike kwenye flashi tupu, kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, na kabla ya kulitumia hakiki namba yake ya ukaguzi (inayoonyesha kama faili limefika zima bila kubadilishwa) kwa kufuata maelezo ya tovuti ya Mint. Washa OptiPlex moja kutoka kwenye flashi hiyo. Mfumo mzima utafunguka bila kugusa kilichomo kwenye diski. Ukiwa humo unganisha kila printa, ukianzia na ile ya leza, kisha skana, kisha flashi mbili tatu za wateja na mafaili yao halisi ya Word. Leza ikigoma, isiwatie shaka juu ya mengine. Iunganisheni kwenye T480 na kuishirikisha kwa mtandao wa ndani, ama ibaki ya T480 peke yake.

Mkiridhika, nakilini nyaraka zote za mashine hiyo kwenye diski ya nje, na mfungue mafaili machache kutoka kwenye diski hiyo kwa kutumia kompyuta nyingine ili mwone kama kweli yamenakiliwa. Sakinisheni Jumamosi jioni. OptiPlex ya pili iacheni na Windows 10 kwa mwezi mmoja, bila kuiunganisha na intaneti na bila kuichomeka flashi ya mteja, ili kukiwa na kazi isiyofunguka kwa kijana wa kwanza kuwe na pa kuipeleka.

Fundi wa Kariakoo (Dar es Salaam)

Ongeza hapo, mama: siku ya kusakinisha ifungue ile OptiPlex, puliza vumbi, na ubadilishe betri ndogo ya bodi, CR2032. Ikiisha nguvu, kila umeme ukikatika saa hurudi nyuma miaka, na kivinjari hukataa tovuti salama kwa sababu tarehe haiendani na vyeti vyake. Watu wengi huulaumu mfumo mpya kwa kosa la betri hiyo.